Mnachagua wenye nauli

Jumapili jioni mvua ilipiga mabati mpaka mama akaizima redio, maana hakuna alichokuwa anasikia. Yeye alikuwa mkekani anachambua maharage, mimi mezani na kompyuta, nimeshika tama.

"Mbona umenuna?"

"Napiga kura, mama."

"Kura ya nini tena? Si mlisema Oktoba?"

Nikamweleza kwamba hii si ile ya uchaguzi mkuu wa nchi wa Oktoba 2025. Ni ya chama cha walimu na watafiti wa menejimenti, makao yake Marekani, nami ni mwanachama. Kuna kitengo kinachoshughulika na mazingira, na tunamchagua atakayekuja kukiongoza.

"Mwenyekiti wa mazingira. Huyo anapanda miti?"

"Hapandi, mama. Anapanga mikutano."

Akaguna, akarudi kwenye maharage yake. Ule mguno umenikaa kichwani wiki nzima, ndiyo maana naandika.

Chama chenyewe ni Academy of Management. Kilianzishwa mwaka 1936, na leo kina wanachama takribani 20,000 waliotapakaa duniani kote. Kwa ukubwa huo hakuna mtu anayekijua chote, kwa hiyo kimegawanywa vitengo zaidi ya ishirini: wa mikakati kwao, wa rasilimali watu kwao, wa ujasiriamali kwao. Sisi wa taasisi na mazingira asilia tuko kwenye kitengo kinachoitwa ONE, kifupi cha Organizations and the Natural Environment. Ukimtajia mtu wa Morogoro kwamba wewe ni mwanachama wa ONE atadhani ni mtandao mpya wa simu.

Kila mwaka, masika yakiwa yamekolea huku kwetu, inaingia barua pepe yenye kiungo cha kupigia kura. Unafungua, unakuta picha ya mgombea, wasifu wake na maelezo mafupi ya kwa nini anaomba nafasi. Unabonyeza, imekwisha. Nilipojiunga nilidhani ninamchagua mwenyekiti. Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba ninamchagua mtu atakayekuwa mwenyekiti baadaye sana. Anayeshinda leo anaanza na kuandaa warsha za siku za mwanzo za mkutano mkuu. Mwaka wa pili anabeba ratiba ya kisayansi ya kitengo: makala zote zilizotumwa, nani azisome, zipi ziingie, zipi zibaki nje. Mwaka wa tatu ni mwenyekiti mteule. Wa nne ndipo anakalia kiti. Wa tano ni mwenyekiti aliyemaliza muda, na kwa kawaida huyo ndiye anayesimamia kupatikana kwa wagombea wapya. Miaka mitano, mshahara hakuna.

Watu wengi niliozungumza nao hulitazama jina la cheo, wakapitwa na mwaka wa pili. Kwangu mimi mwaka wa pili ndio wenye uzito.

Makala za mkutano hufungwa Januari, saa kumi na moja jioni ya New York. Kwetu hiyo ni saa saba usiku. Nimeshakaa usiku huo mara nne, chai ya tangawizi pembeni, nikiomba Mungu umeme usikatike kabla faili halijapanda. Ya mwisho niliyotuma ilihusu majiko ya shule. Serikali yetu iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na miezi michache baadaye ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nikaona hapa kuna kazi ya mtu wa menejimenti. Agizo limetoka juu. Je, jikoni kunatokea nini?

Nikazunguka jikoni. Nilikaa na wapishi, si wakuu wa shule, kwa sababu mkuu wa shule atakuonyesha mtungi wa gesi na risiti yake, lakini mpishi atakuonyesha nyuma ya stoo. Mpishi mmoja, mama wa makamo mwenye mikono iliyokomaa kwa mwiko, aliniambia ugali wa wanafunzi mia nane una nguvu zake: sufuria ikiyumba juu ya jiko la gesi lenye miguu myembamba, anayeungua ni yeye, si aliyeandika waraka. Kwa hiyo gesi inapika chai na mboga, kuni zinapika ugali. Mkaguzi akija, ni siku ya chai. Niliandika kurasa nyingi kuhusu hilo, kwamba taasisi inaweza kutii agizo kwenye chungu kimoja na kulikaidi kwenye chungu cha pili, chini ya paa hilohilo, bila mtu yeyote kuwa mwongo.

Majibu ya wasomaji, yaani wale wanaopima makala kabla hazijakubaliwa, yalikuja mwezi Machi. Mmoja alikuwa mwungwana sana, alinisaidia kuliko hata baadhi ya wenzangu wa karibu. Wa pili aliandika aya mbili. Swali lake kubwa: kwa nini Tanzania? Nieleze matokeo haya yana maana gani nje ya Tanzania.

Sina ugomvi na swali lenyewe. Ninachojiuliza ni kama aliyeandika kuhusu viwanda vya Ohio naye huulizwa kwa nini Ohio. Na anayepanga msomaji gani apewe makala gani, anayeandika maelekezo ya wasomaji, anayeamua kama kutakuwa na warsha ya kuwafundisha kusoma kazi zilizotoka mbali na kwao, ni huyuhuyu tunayempigia kura mvua ikinyesha. Kwa hiyo mama samahani, hapandi miti, lakini ana kazi.

Sasa niungame. Miaka ya mwanzo nilikuwa nampa kura mwenye jina. Nikiona amechapisha kwenye majarida makubwa, nikikumbuka nimefundisha makala yake darasani, nabonyeza. Ni kama kumchagua nahodha wa timu kwa kuhesabu jezi alizonazo nyumbani. Maelezo ya wagombea nayo hayakusaidii sana, yanafanana kama sare za shule: wote wanapenda ujumuishi, wote wanataka utafiti wenye athari kwa jamii, wote wanajali wanafunzi wa uzamivu. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba anapenda ubaguzi na utafiti usio na faida.

Kilichonibadilisha ni kitu cha zamani kuliko kitengo chetu cha mazingira. Mama ni mzaliwa wa Matombo, milima ya Uluguru, upande unaotazama mashariki. Maji ya milima ile hushuka mpaka mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Waingereza walilijua hilo mapema. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja na mpango wa kuokoa udongo wa Uluguru: watu wachimbe matuta ya ngazi mlimani, kwa amri. Kitabuni ilikuwa hifadhi ya mazingira safi kabisa. Shambani ilikuwa balaa, kwa sababu ukichimba ngazi kwenye udongo mwembamba wa kule unaufukia ule wenye rutuba na kuuleta juu ule mfu. Mahindi yakadumaa. Julai 1955 watu wa Matombo walikusanyika kukataa, kukawa na vurugu, mtu akauawa, na mpango ukafa muda si mrefu. Babu yangu alikuwapo. Hakuwahi kulisimulia kishujaa. Alikuwa anasema tu, "Walikuja na kamba za kupimia, hawakuja na masikio."

Miaka 40 kamili baadaye, mwaka 1995, jarida la nadharia la Academy of Management lilitoa toleo maalumu kuhusu taasisi na ikolojia. Ndiyo makala tunazowapa wanafunzi mpaka leo. Ile ya Stuart Hart, inayosema kampuni itapata nguvu ya ushindani kwa namna inavyohusiana na maliasili, naifundisha kila muhula wa pili. Makala nzuri. Lakini kila nikifika kwenye ukurasa wa mashirika kuwajibika kwa mazingira, namwona babu na kamba za kupimia. Kuna watu ambao mara ya kwanza kukutana na uongozi wa mazingira, ulikuja na askari. Mtu asiyelijua hilo anaweza kuongoza kitengo chetu vizuri tu, sikatai. Ila akilijua, atauliza maswali tofauti.

Basi nikaanza kusoma maelezo ya wagombea kwa jicho jingine. Nikawa natafuta sentensi moja tu: mtu huyu anasema nini kuhusu mkutano wetu wenyewe?

Maana hapo ndipo pana aibu ya familia. Sisi ndio tunaofundisha kampuni kupunguza hewa ukaa, halafu kila kiangazi cha wenzetu tunapanda ndege kwa maelfu kwenda kuambiana hivyo ana kwa ana. Kutoka Dar es Salaam hadi Chicago, ulikofanyika mkutano wa 2024, ni kama kilomita 13,500 kwa mstari ulionyooka, kwenda tu, na ndege ya moja kwa moja hakuna. Safari moja kama hiyo, kwenda na kurudi, inamwaga hewa ukaa kuliko ile anayohesabiwa Mtanzania wa kawaida kwa miaka kadhaa ya mafuta na gesi. Nikimweleza mama hivyo atauliza kwa nini hatupigi simu.

Na kweli tulipiga simu. Mwaka 2020 korona iliuhamishia mkutano wote mtandaoni, na 2021 vilevile. Hiyo ndiyo miaka pekee niliyohudhuria mkutano kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikaa barazani, neti ya mbu nimeitundika kwenye dari la kibaraza, mbwa wa jirani wakibweka, nikiwasikiliza watu ambao nilikuwa nawajua kwa majina ya kwenye nukuu tu. Bando liliisha katikati ya kikao cha ONE nikiwa nimeinua mkono wa kielektroniki, niliporudi walishahamia mada nyingine. Hata hivyo nilikuwepo. Mwaka 2022 mkutano ukarudi hotelini, Seattle, na mimi nikarudi kusoma muhtasari.

Chicago nilikubaliwa, sikwenda. Hilo ni kosa langu, sitamlaumu mtu: nilizubaa na maombi ya viza, nilipokuja kushtuka tarehe ya usaili niliyopata ilikuwa Septemba, mkutano Agosti. Dola 185 za fomu zikaenda na maji. Mwenzangu tuliyeandika naye aliwasilisha peke yake, akanitumia picha ya bango letu na kahawa pembeni. Kahawa ilikuwa ya nini kwenye picha, sijui.

Mkutano wa Julai 2025 ulipangwa kufanyika Copenhagen, Denmark, mara ya kwanza mkutano mkuu wa mwaka kufanyika nje ya Amerika Kaskazini. Kwa sisi wa huku umbali unapungua karibu nusu. Kabla ya hapo chama kiliwahi kuja Afrika, Johannesburg, Januari 2013, kwa mkutano maalumu, na kuna chama dada cha Kiafrika ambacho Januari 2016 kilikutana Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore. Huko nilikwenda kwa basi, Morogoro, Arusha, Namanga, miguu imevimba kama mihogo, nikatoa mada yangu ya kwanza mbele ya watu wasionijua. Mzee mmoja profesa alinisimamisha ukumbini akaniambia, "Binti, hoja yako iko ukurasa wa saba, ilete ukurasa wa kwanza." Ushauri bora niliowahi kupewa bure. Nilikula chapati za Nairobi siku nne na kurudi nyumbani na deni dogo. Nani anasema lazima uvuke bahari?

Narudi kwenye kura. Februari alinipigia rafiki yangu wa Kampala, tuliyekutana kwenye vikao vile vya mtandaoni.

"Dada, tunataka kukupendekeza."

"Mnipendekeze wapi?"

"ONE. Huko juu hakuna mtu wa kutoka ukanda wetu. Wewe una kazi ya majiko, una maneno, watu wanakupenda."

Nilicheka, lakini usiku nilitoa kalamu na kupiga hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani. Miaka mitano, mikutano mitano, maana mratibu wa warsha hawezi kuratibu warsha akiwa barazani kwake. Nauli mara tano. Hoteli ya mjini kwa siku tano au sita, mara tano. Viza, ada ya mkutano, ada ya uanachama. Chuo ninakofundisha humlipia mhadhiri safari moja kila baada ya miaka miwili, fedha zikiwepo, na hilo neno "zikiwepo" lina kazi kubwa. Halafu saa za kazi: mwaka wa ratiba ni mwaka wa kusoma mamia ya vichwa vya makala na kuwabembeleza wasomaji waliochelewa, na mimi nina darasa la watu 340 na mitihani yao naisahihisha kwa mkono. Nilimpigia asubuhi nikamwambia asante kaka, si mwaka huu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye alishapiga hesabu hiyohiyo kabla ya kunipigia mimi.

Hayo ndiyo nilimsimulia mama Jumapili, baada ya maharage kuingia sufuriani. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye khanga.

"Kwa hiyo mnachagua wenye nauli."

Nikajitetea. Nikasema hapana mama, wanachaguliwa kwa kura za wanachama wote, siri kabisa, hata aliyeko Morogoro kura yake ni moja kama ya aliyeko Harvard.

"Sikuulizi nani anapiga kura. Nakuuliza nani anaandikwa kwenye karatasi."

Mama ni mshika ufunguo wa kikoba chao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, na halifunguki mpaka wote wawepo. Nilishahudhuria uchaguzi wao mara moja, chini ya mwembe. Mgombea hakutoa hotuba. Aliwekwa mbele wakaanza kumhoji: mvua ile kubwa, kikao ulikuja? Mwenzio alipofiwa ulikuwa wapi? Mwanao akiugua ufunguo utamwachia nani? Mama mmoja tajiri kidogo, mwenye duka, alikosa kura kwa sababu anasafiri mno kwenda Dar kuchukua mzigo. Fedha zake hazikumsaidia. Ziligeuka sababu ya kukosa.

Nikabaki nawaza: kumbe kwao anayesafiri sana ndiye asiyefaa, na kwetu asiyesafiri ndiye asiyeweza kuandikwa.

Nikarudi mezani, nikafungua tena maelezo ya wagombea. Sitawataja, wala sitasema niliyempa, kura ni siri hata kwenye blogu. Nitasema tu kwamba mmoja wao, katikati ya maneno yale yanayofanana, alikuwa ameweka sentensi mbili kavu kuhusu vikao vya mtandaoni: kwamba visiwe vya kuonea huruma wasiofika, viwe na saa zake na wasimamizi wake, na kwamba nafasi za kamati ziwe na kazi ambazo mtu anaweza kuzifanya akiwa kwao. Hakuweka neno la mapambo. Hakusema Afrika hata mara moja, na hilo pia lilinifurahisha, maana nimechoka kupewa salamu kama bara.

Majarida yake si mengi kama ya mwenzake. Zamani ningempita.

Nilipobonyeza, duara likazunguka, likazunguka, umeme ukakatika. Nikawasha simu, nikarusha intaneti kwenye kompyuta ikiwa na chaji ya mwishomwisho, nikaingia upya, nikachagua upya, nikabonyeza tena. Safari hii ikaniandikia kwamba kura imepokelewa. Mama alikuwa ameshawasha kandili, maharage yanatokota kwenye jiko la mkaa. Ndiyo, la mkaa. Mtungi wa gesi ninao, uko kwenye kona, na mama ana maelezo yake kuhusu maharage na gesi ambayo sijayapatia jibu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ana nauli?"

"Nadhani anayo, mama."

"Haya. Njoo uonje chumvi."

Matokeo bado. Mama ameshaniuliza mara mbili, na juzi nilimsikia barazani akimwambia jirani kwamba binti yake amechagua mtu wa mazingira huko Marekani, mtu mzuri, ila sanduku lao lina kufuli moja tu.